Muhuri Juu ya Mstari wa Ndoo

Mwezi uliopita nilikutana na Rashidi pale Nangurukuru, na hasira niliyodhani imeshachakaa ikaamka mpya kabisa. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la kutoka Lindi, nasubiri usafiri wa kwenda Somanga, ambako nilisikia kuna mtu anatafuta fundi wa kufunga umeme wa jua kwenye majokofu ya samaki. Ndivyo ninavyoishi: nasikia, naenda, najifunza hapo hapo, nikishajua naondoka. Rashidi alikuwa ameketi kwenye banda la chai, shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Aliniita kwa jina, akavuta kiti, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili bila kuniuliza kama nimekula. "Zainabu, hujabadilika hata kidogo," akasema. Nimegundua kwamba mtu aliyekudhulumu hupenda kukuambia hujabadilika. Inampa moyo kwamba hakuharibu kitu. Akanieleza kuwa siku hizi yeye ni mkuu wa mafunzo ya kompyuta huko Lindi mjini, ana walimu wanne chini yake. Nilitafuna chapati yake, nikamtazama mdomo ukifunguka na kufumba, na nilichokuwa nakiona si yeye. Nilikuwa nakiona chumba cha Mzee Mfaume.

Sitaeleza nilikotoka wala kwa nini niliachia shule kidato cha pili. Watu wengi wameniuliza hayo, na sijaona hata mmoja aliyelihitaji jibu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikaingia Kilwa Masoko na begi moja, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kupiga chapa kwenye steshenari ya Mzee Mfaume: barua za maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, barua za posa ambazo niliziongeza utamu kidogo bila kuombwa. Nyuma ya steshenari, ukipita pazia la kijani, kulikuwa na chumba chenye kompyuta sita za msaada. Kilikuwa upande wa soko, kwa hiyo harufu ya papa mkavu iliingia hata madirisha yakifungwa, na feni lake lilitikisa kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa kila anachoambiwa. Kompyuta hizo zilikuwa za mradi mmoja ambao sitautaja. Watu wa mradi walisema kwamba chumba kikionyesha kazi ya maana kufikia mwisho wa mwaka, kazi ambayo watoto wa shule wataipenda, wataajiri mwalimu mmoja wa kudumu. Mmoja tu. Rashidi alikuwa pale kabla yangu, ana cheti cha kidato cha nne, mpole, mwandiko mzuri. Mimi sikuwa na kitu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikibaki chumbani wakati wa chakula, nafungua kila kinachofunguka ili nione ndani kuna nini, na Mzee Mfaume aliliona hilo. Siku moja akaniita mbele ya Rashidi. "Binti, mimi siangalii karatasi, naangalia kazi. Ukiimaliza kazi hii, kiti ni chako. Kazi yako ndiyo cheti chako." Nilipaswa kucheka pale pale. Mtu yule hakuwahi kuamini kitu maishani mwake ambacho hakikuwa kwenye karatasi, tena karatasi yenye muhuri. Lakini sikucheka. Nilikiangalia kiti cha mwalimu, cha mbao, kilichofunikwa kitambaa cha kushonwa, nikajiona nimekaa, na watoto wananiita mwalimu. Kwa mwaka mzima sikutaka kitu kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa mchezo. Ule mchezo wa kompyuta wa dunia ya matofali, ambao watoto huchimba na kujenga wanavyotaka, unaruhusu mtu kuandika nyongeza yake: mti ambao haukuwepo, mnyama ambaye hakuwepo. Sisi tukaamua kuingiza korosho. Rashidi alichora mkorosho, mimi nikauandikia msimbo wa kuota na kuzaa, na kufikia Mei watoto walikuwa wanachuma mabibo ndani ya kompyuta. Kilichobaki ni mafuta ya ganda, yale meusi yanayounguza mikono ya wabanguaji. Kimiminika. Na hakuna kitu kigumu katika mchezo ule kama kuongeza kimiminika kipya, kwa sababu hakiji peke yake: kina sura ya kutulia na sura ya kutiririka, kina ndoo yake ya kukichotea, na kila kimoja katika hivyo humtaja mwenzake. Rashidi alipata maelekezo kwenye intaneti, kurasa kumi na nne. Bando lilikuwa la kubana, na Mzee Mfaume alikuwa na msemo wake kwamba kilichopo hewani ni cha hewani. Akaziprinti kurasa zote. Kisha akafanya kama alivyofanya kwa kila hati iliyopita mezani kwake: akagonga muhuri wa steshenari kwenye kila ukurasa, wa duara, wino wa buluu, pwaa, kisha akazipitisha kwenye mashine ya laminesheni ili zisiharibike. Zikang'aa kama leseni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini maelekezo ya mchezo wa watoto yagongwe muhuri. Hata mimi sikuuliza. Kwetu karatasi ikishagongwa muhuri imeshakuwa kweli.

Nilipanga chumba kwa Bi Somoe, mjane aliyekuwa akibangua korosho uani kwake. Nikirudi namkuta kajifunga kanga kifuani, mkono mmoja una jiwe, mwingine unageuza korosho juu ya gogo, majivu yamejaa viganjani ili mafuta yasimshike. Yalimshika hata hivyo. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa nyeusi na laini kupita kiasi, alama za dole gumba zimefutika kabisa. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa kumtambua kuwa ni mtu. "Wameniambia sina vidole," alisema huku akipakua kisamvu, akicheka. "Nikawaambia hivi nilivyoshikia simu ni nini, mkia?" Tulikula kisamvu na ugali wa muhogo kwenye sinia moja, na kila siku aliniuliza habari za kazi kana kwamba naijenga nyumba. Nilimwambia sasa tunaingiza mafuta ya ganda. Akaacha kutafuna. "Mnayaingiza kwenye kompyuta ili iweje?" Nikasema ili watoto wajifunze. "Basi yaingizeni kama yalivyo," akasema. "Msiwadanganye."

Mwezi Juni mafuta yalitokea. Kwanza yalikuwa miraba ya zambarau na nyeusi, maana picha yake ilikuwa kwenye folda isiyo yake. Nikaihamisha, yakawa meusi yenye ukahawia. Hayakuwa na ndoo bado, ilibidi niyamwage kwa kuandika amri, lakini yalikuwepo. Nikamleta Bi Somoe ayaone. Aliingia chumbani na viatu mkononi, akamsalimia Mzee Mfaume, akasimama nyuma yangu. Nikayamwaga juu ya kilima, yakashuka mbio mpaka bondeni. "Hayo maji ya kunawa," akasema. Rashidi akacheka sana. "Bi mkubwa, ni mafuta hayo." "Wewe umeyashika lini? Nionyeshe mikono." Rashidi akaificha mikono yake mifukoni, na hapo tukacheka sisi wote. Bi Somoe akaniambia mafuta yale yanakwenda kwa kujivuta, na kwamba hayaunguzi yakikugusa. "Unayashika asubuhi, unasema hamna kitu, unaendelea. Jioni ngozi inavuka. Ndiyo ubaya wake, yanakusubiri." Siku tatu nilikaa na hilo neno. Nilipunguza mwendo wa kutiririka mpaka yakajivuta kama uji, kisha nikaandika hesabu ndani ya mchezo: mchezaji akiyagusa hapati kitu, ila ndani yake hesabu inaanza, na jua la mchezo likielekea kuzama ndipo anaanza kuumia, isipokuwa kama alijipaka majivu. Hakuna ukurasa wowote wa Mzee Mfaume uliofundisha hilo. Nililiandika mwenyewe, na lilifanya kazi mara ya pili kulijaribu. Mpaka leo ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na hakuna mtu anayekijua.

Ndoo ndiyo iliyotumaliza. Bila ndoo mtoto hawezi kuyachota mafuta, anayatazama tu, na bila kuyachota hakuna kubangua wala kuuza. Kwenye ukurasa wa tisa kulikuwa na mstari wa ndoo. Niliuandika kama ulivyo. Mchezo ukaanza kupakia, ukafika nusu, skrini ikawa tupu, ikashuka ripoti ndefu ikisema kwamba kitu kilichoitwa hakipo. Nikaandika upya. Hakipo. Nikafuta kila kitu nikaanza na ukurasa wa kwanza. Hakipo. Julai, Agosti, Septemba. Rashidi alikuwa akikaa kando yangu na ukurasa ule mikononi, ananisomea herufi baada ya herufi kwa sauti ya mtu anayesoma risala, na mimi naandika. "Umeweka mabano?" "Nimeweka." "Umeweka nukta?" "Rashidi, nimeweka." "Basi kompyuta ina kichwa kigumu." "Kompyuta haina kichwa, sisi ndio tuna vichwa." Mzee Mfaume akipita huchungulia kwenye pazia na kusema neno lile lile, kwamba karatasi haikosei, sisi ndio hatusomi vizuri. Nilimwomba bando la nusu saa niutazame ukurasa wenyewe kwenye intaneti. Akasema karatasi ninayo. Niliona aibu kuomba mara ya pili, na aibu ile inanikera leo kuliko kukataliwa kwenyewe. Nilikuwa mtu wa kufungua kila kitu, lakini mbele ya duara la wino wa buluu nilifunga macho. Muhuri ulikuwa umekaa mwanzoni mwa mstari ule, na chini yake kulionekana vivuli vya herufi mbili tatu ambazo mimi na Rashidi tulikubaliana, bila hata kujadiliana, kwamba ni sehemu ya wino.

Mwezi wa kumi Mzee Mfaume alinituma Nangurukuru kupokea katoni za karatasi na wino zilizokuja na basi kutoka Dar. Basi lilikuwa limesimama, na mlangoni wanaume wawili walikuwa wanagombania kiti. Mmoja alikuwa mzee wa Kimwera mwenye kikapu cha mbaazi, mwingine kijana wa Newala mwenye godoro. "Kiti changu hiki, kumi na moja," anasema kijana. "Mwanangu, mimi nina kumi na moja tangu jana," anasema mzee. Mkata tiketi akazichukua tiketi zote mbili, akaziangalia, akasema zote ni halali, zimegongwa muhuri. "Sikuulizi uhalali," mzee akamwambia, "nakuuliza namba. Huu muhuri wako umeikalia namba yangu. Uondoe tuone chini yake." Abiria wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliziacha katoni kwa mama muuza mayai, nikanunua bando kwa hela yangu ya chakula, nikasimama kwenye kivuli cha choo cha stendi nikautafuta ukurasa ule kwenye simu. Niliupata kwa dakika nne. Mwanzoni mwa mstari wa ndoo, pale pale palipokaa muhuri, kulikuwa na mabano mawili matupu na mshale mdogo. Vitu hivyo tu. Maana yake ni kwamba ndoo haitakiwi kupewa mafuta wakati inaumbwa, kwa sababu mafuta yenyewe hayajaumbwa bado. Inapewa njia ya kuyaomba baadaye, itakapoyahitaji. Sisi tulikuwa tukiidai ndoo ishike kitu ambacho hakijazaliwa, na mchezo ulikuwa ukituambia hivyo kila siku kwa miezi mitatu: kitu ulichokiita hakipo.

Nilirudi Masoko kwa bodaboda, katoni zimefungwa nyuma, upepo unanikausha macho. Ilikuwa Ijumaa, wameenda msikitini, steshenari imefungwa mlango wa mbele. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikaongeza mabano na mshale, nikawasha mchezo. Ukapakia nusu, ukapita nusu, ukafunguka. Ndoo ilikuwepo. Nikaenda nayo kilimani, nikachota mafuta, nikayamwaga, nikayachota tena. Nilifanya hivyo mara kumi na moja. Nilikuwa nalia kidogo, sioni haya kusema. Ndipo nikasikia kufuli la mbele likifunguliwa, na Mzee Mfaume na Rashidi wakaingia wakizungumza, wao hawajui kuwa nimesharudi. Sauti ya Mzee Mfaume ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayepanga bidhaa. "Jina lako nililipeleka tangu mwezi wa tano, na nakala ya cheti. Wamejibu, umepita." Rashidi akasema alhamdulillahi. Kisha akauliza, polepole, "Na Zainabu?" "Wanataka cheti, mimi nifanyeje. Mwache amalize kwanza. Ukimwambia leo, ile ndoo nani atairekebisha? Wewe?" Nilikuwa nimeshika kipanya, nasubiri neno lolote. Rashidi akasema, "Sawa, mzee."

Mwezi wa tano. Nilipokuwa nauandikia mkorosho wake uzae, jina lilikuwa limeshaondoka. Mafuta yanayojivuta, majivu, hesabu ya maumivu ya jioni, vyote nilivifanya nikiwa nimeshakataliwa. Sikupiga kelele. Nilirudi kwenye mstari wa ndoo, nikafuta mabano, nikafuta mshale, nikauacha sawasawa na karatasi ilivyoonyesha. Nikazima kompyuta, nikapitia kwenye pazia. Walishtuka wote wawili. "Umerudi saa ngapi?" Mzee Mfaume akauliza. Nikasema sasa hivi, katoni ziko nyuma. "Na ndoo, vipi?" "Bado, mzee. Nimeandika kama karatasi inavyosema." Akatikisa kichwa kwa huruma, Mungu ni shahidi, kwa huruma. "Isome vizuri, binti. Karatasi haikosei." Rashidi alikuwa akitazama sakafu. Sikurudi tena pale, hata kuchukua mshahara wa nusu mwezi. Bi Somoe alinikuta nikifunga begi, nikamweleza yote. Nilitarajia aniambie nimefanya vizuri. Alikaa kwenye kigoda chake, akayapangusa majivu mikononi kidole kimoja kimoja. "Hao wawili umewapata," akasema. "Na watoto uliosema wajifunze?" Nikamjibu kwamba watoto si wangu. "Hata korosho si zangu," akasema, "lakini nikibangua sizivunji kwa makusudi." Nilimkasirikia pia. Niliondoka bila kumuaga vizuri, nikaenda Milola kuchuma korosho za watu, na yeye alifariki kabla sijapata akili ya kurudi.

Haya yote yalikuwa mdomoni mwangu pamoja na chapati ya Rashidi. Yeye aliendelea kusimulia. Wageni wa mradi walikuja Desemba, alisema, mchezo ukagoma mara tatu mbele yao, wakatabasamu, wakala pilau, wakaondoka. Mwaka uliofuata kompyuta zilipakiwa kwenye gari zikapelekwa wilaya nyingine. "Na wewe?" nikamuuliza. "Mimi walinihamishia Lindi," akasema, "nilikuwa nimeshaajiriwa." Kwa hiyo nilichokitupa hakikumgusa. Kilimpita pembeni kikaenda kuwapiga watoto wa Masoko ambao sikuwa na ugomvi nao, na Bi Somoe alikuwa ameniambia. Hasira niliyokuwa nayo kwa Rashidi ikatafuta nafasi ya kukaa pamoja na hasira niliyokuwa nayo kwangu mwenyewe, na nafasi haikutosha. Nikamwambia, "Niliirekebisha. Ijumaa ile. Niliyachota mafuta kwa ndoo mara kumi na moja, halafu nikawasikia mnaongea." Aliweka kikombe chini. Utingo akapita akiita abiria wa Somanga, na sikuinuka. "Ulitusikia," akasema. "Neno kwa neno," nikamjibu. Akaniambia mkewe alikuwa mjamzito mwaka ule, na mimi nikamwambia najua, nilimletea ndimu. Hakuomba radhi. Aligeuza kikombe kwenye kisosi chake, nikaona kuna jambo linamwasha zaidi ya radhi, na kwa bahati mbaya nalijua jambo hilo, maana ndilo linalonizungusha mimi nchi nzima. "Miaka yote hii najiuliza," akasema. "Kosa lilikuwa nini?"

Ningeweza kumnyima. Nilichovya kidole kwenye chai, nikamchorea juu ya meza mabano mawili matupu na mshale, nikamweleza kuhusu muhuri. Alitazama kwa kitambo kidogo sana. Ni mwalimu, anaelewa haraka. Uso wake ukafunguka, akaegemea nyuma, akacheka kwa kupumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema.

"Ni hivyo tu," nikamwambia. "Na mimi nilitaka kuitwa mwalimu, Rashidi. Hivyo tu."

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Nilibeba begi langu, nikamwacha anaitazama meza, chai inakauka.